Babu yako alikuwa askari miaka ya 1700, aliishi wapi? Fungua faili lake la pensheni

Sisi tunaofanya kazi na nyaraka swali hili tunaulizwa sana. Mtu ana jina la babu yake aliyepigana vita vya uhuru wa Marekani, 1775 mpaka 1783, kikosi anakijua, ila hajui mzee alikuwa anakaa wapi. Wengi wakiona kikosi cha Connecticut wanang'ang'ania Connecticut, kumbe kikosi kinakwambia alijiandikishia wapi tu, vita vikiisha vijana walitawanyika kutafuta mashamba.

Chukua Joseph Plumb Martin. Kazaliwa Massachusetts 1760, kalelewa kwa babu na bibi yake Connecticut, akaingia jeshini 1776 na miaka 15. Baada ya vita usimtafute huko, alihamia kaskazini kabisa, Prospect, Maine, akaoa, akalima, akawa karani wa mji miaka mingi mpaka akafa 1850.

Tunajuaje? Pensheni. Sheria ya 1818 iliwapa askari wa kawaida wenye hali ngumu dola 8 kwa mwezi, waombaji wakawa wengi mno, ndo mwaka 1820 serikali ikataka kila mmoja aende mahakamani aape na ataje mali yake yote. Martin alitaja ng'ombe wawili, kondoo sita na nguruwe mmoja, ukiacha nguo na matandiko, basi. Mimi karatasi kama hizi zinanigusa kila nikizisoma, mtu amepigania nchi halafu anahesabiwa mpaka nguruwe. Ila kwako wewe unayetafuta, angalia pia juu ya karatasi, mahakama ya kaunti gani, maana mzee alienda ya karibu na kwake.

Na kama aliomba kwa sheria ya 1832 una bahati zaidi, kwa sababu waliulizwa kabisa ulizaliwa wapi, ulikuwa unaishi wapi ulipoitwa vitani, tangu vita umeishi wapi na sasa unaishi wapi, yaani swali lako lilishaulizwa na mwenyewe akajibu! Wajane nao walilazimika kuthibitisha ndoa, wengine wakachana ukurasa wa Biblia wenye majina ya watoto wakautuma, na upo kwenye faili mpaka leo.

Sasa jihadhari na mipaka. Maine ilikuwa sehemu ya Massachusetts mpaka 1820, Prospect ikawa kaunti ya Hancock mpaka 1827 ilipoanzishwa Waldo, kwa hiyo mtu hajahama nyumba ila hati zake ziko ofisi mbili tofauti. Kentucky hivyohivyo, kabla ya 1792 ilikuwa Virginia. Na ardhi waliyopewa askari kama zawadi usiifanye ushahidi wa makazi, wengi waliuza vyeti vyao kwa walanguzi wala hawakukanyaga huko.

Sensa ya 1790 inataja mkuu wa kaya tu, ya Virginia haipo, tumia orodha za kodi. Ya 1840 iliandika wanaopokea pensheni kwa jina na umri, hata mzee aliyekuwa anakaa kwa mwanae utamwona.

Ukiomba faili omba lote, sio kurasa chache. Kurasa za nyuma ndo zina majirani waliomtolea ushahidi, na hao mara nyingi walihama naye kutoka kijiji kimoja, ukikwama kwake fuata majina yao.