Kabla hujaitupa hiyo adapta

Swali lilelile limenifikia tena, safari hii na picha juu. Mtu kajenga strima yake (kifaa cha kuchezea muziki wa mtandaoni) kwa Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, bodi ya DAC inayogeuza namba kuwa sauti ipo, amplifaya ipo, na spika zinatoa kile kimlio chembamba cha zzzz hata muziki ukiwa umesimama. Ushauri ameshaupata kwa wenzake, kwangu anataka muhuri tu: atupe adapta ya swichi, ile nyepesi inayokatakata umeme kwa kasi, anunue pawasaplai ya transfoma, kubwa na nzito, wanayoiita linia. "Linia ni safi, swichi ni chafu." Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi mpaka nimeanza kuamini ni kanuni ya fizikia iliyofundishwa siku niliyokuwa mgonjwa.

Uchafu wa pawasaplai uko wa aina mbili, na watu wanalipia dawa ya ule usiowasumbua. Wa kwanza unakaa juu ya volti yenyewe, kati ya chanya na hasi. Wa pili ni mkondo unaovuja kutoka upande wa umeme wa ukutani, unaingia kwenye hasi ya kifaa chako, halafu unatafuta njia ya kurudi ulikotoka. Njia unayoipata ni waya wa nje wa RCA, kebo ya sauti iendayo kwenye amplifaya. Huo wa pili hauonwi na regyuleta yoyote (chipu inayotuliza volti), iwe ya bei gani, kwa sababu chanya na hasi zinapanda na kushuka pamoja. Regyuleta inapima tofauti kati yao, na tofauti haijabadilika.

Wa kwanza nitaumaliza upesi. Adapta ya 5 V yenye adabu inaacha makumi ya milivolti ya takataka juu ya DC, yaani volti inayoitoa. Lakini hiyo 5 V haigusi sauti moja kwa moja, inapita kwanza kwenye regyuleta iliyoko kwenye bodi. Regyuleta kama LT3045 ina kelele ya maikrovolti 0.8 tu kuanzia 10 Hz mpaka 100 kHz, na hata kwenye 1 MHz bado inazuia desibeli 76 hivi. Yaani milivolti 50 zikiingia, zinatoka kama maikrovolti 8, tena kwenye masafa ambayo hata popo hasikii. Sasa linganisha na LM317, regyuleta ya zamani ambayo ndiyo moyo wa pawasaplai nyingi za transfoma za wapenzi wa sauti: kelele yake ni asilimia 0.003 ya volti inayotoka, maana yake kwenye 5 V ni kama maikrovolti 150. Umelipia sanduku zito la kuisafishia kazi chipu ndogo iliyo safi kuliko sanduku. Halafu kati yao umeweka mita nzima ya waya.

Waya wenyewe, kwa kupita tu: wa geji 28, mita moja kwenda na mita moja kurudi, unakaribia omu 0.43. Pi ikivuta ampea 1, zile 5.1 V za adapta zinafika 4.67, na Pi inaanza kulalamika ikishuka karibu na 4.63. Nusu ya "adapta mbovu" ninazoletewa ni nyaya nyembamba. Na kwa wanaoogopa: hapana, adapta ya ampea 3 haitaunguza bodi inayohitaji ampea 1. Bodi inavuta inachotaka, hailishwi kwa nguvu.

Mahali pekee ambapo usafi wa DC unastahili kelele zote hizi ni kwenye pini ya volti ya rejea ya chipu ya DAC. Kinachotoka kwenye DAC ni namba iliyozidishwa kwa volti hiyo, basi. Rejea ikitikisika, muziki unatikisika nayo, hakuna cha kuuzuia. Kwenye chipu za DAC za kampuni ya ESS, pini hiyo inaitwa AVCC. Na hapa kuna mtego unaowapata hata watu wa vipimo: kwenye DAC inayotoa sauti kwa balansi (nyaya mbili zenye sinyali kinyume), ukipima bila sinyali unaona sakafu ya kelele, yaani kelele inayobaki kukiwa kimya, iko safi kabisa, kwa sababu pande mbili zinafutana. Cheza toni, ndipo uchafu wa rejea unachomoza kandokando yake. Kwa hiyo picha ya "sakafu ya kelele" bila sinyali haisemi chochote kuhusu pini hiyo. Pesa yako ipeleke pale, kwenye regyuleta ya mwisho, milimita chache kutoka kwenye pini, na kapasita iliyowekwa kwa akili. Kuimwaga kwenye sanduku lililoko mita moja mbali ni kufukuza mwizi mlango wa mbele ilhali wa nyuma uko wazi.

Haya, turudi kwenye ile zzzz.

Adapta ya pini mbili, isiyo na ethi, ndani yake ina kapasita ya Y inayounganisha upande wa ukutani na upande wako. Mara nyingi ni nanofaradi 1 mpaka 2.2. Haikuwekwa na fundi mvivu. Kazi yake ni kuurudisha nyumbani mkondo wa masafa ya juu unaorukia upande wako kupitia transfoma ndogo ya ndani, usije ukageuza waya wako wa DC kuwa antena. Gharama yake ni kwamba 50 Hz nayo inapita. Kwenye umeme wa 230 V, nanofaradi 2.2 inaweza kupitisha mpaka maikroampea 160 hivi. Weka multimita kati ya hasi ya adapta na ethi, utasoma makumi ya volti za AC, pengine hata mia. Ule msisimko unaousikia ukipitisha kidole juu ya sanduku la chuma ni huohuo.

Ukipitisha maikroampea 160 kwenye waya wa nje wa RCA wenye omu 0.05, unapata maikrovolti 8. Mbele ya sinyali ya 2 V hiyo ni desibeli 108 chini. Hakuna atakayeisikia. Kwa nini basi unaisikia?

Kwa sababu mkondo ule haufanani na wimbi safi la 50 Hz. Kapasita ya Y kwa kawaida inaanzia kwenye DC iliyotoka kwenye diodi za upande wa ukutani, na ukiitazama sehemu hiyo kwa kuilinganisha na ethi, unakuta wimbi lililokatwakatwa: kipande bapa, kona kali, nundu, kona tena. Kapasita inapenda kona kuliko inavyopenda nundu, kwa hiyo kinachovuka kimejaa masafa ya juu yanayorudiarudia kwa mapigo ya umeme wa ukutani. Ndiyo maana unasikia zzzz wala si mmmm. Ongeza pini ya RCA iliyoshika kutu, amplifaya inayokuza sana, spika zenye usikivu mkali, na ile hesabu yangu ya desibeli 108 haina kazi tena. Na nikiri kwamba hapa kalamu yangu inaishia. Sehemu ya 50 Hz naikokotoa, ya masafa ya juu inategemea waya umelala wapi na sanduku limefungwaje. Sanduku mbili pacha zitakupa majibu mawili. Anayekutajia namba kabla hajapima anabahatisha.

Jaribio lenyewe halina gharama. Iendeshe strima kwa pawabenki. Ndani ya pawabenki kuna swichi inayopandisha volti za betri mpaka 5, yaani DC yake ni "chafu" kwa kipimo cha wale wale wanaokushauri. Ila haina waya wa kwenda ukutani. Zzzz ikitoweka, basi uchafu wa DC haukuwa na kosa tangu mwanzo, na transfoma ya kilo tatu ungeinunua kwa sababu isiyo sahihi. Isipotoweka, chomoa kebo ya mtandao, usikilize, kisha chomoa USB ya kompyuta, usikilize. Nadhani hii pia ndiyo siri ya sifa nyingi za betri za LiFePO4, aina ya lithiamu: watu wanasifia kemia, mimi naona uzi wa ukutani uliokatwa.

"Lakini nilibadilisha nikaweka linia na kelele ikaisha!" Sikatai. Transfoma inavujisha kidogo zaidi, na bila zile kona. Ila tuulize ni transfoma gani. Ile ya EI, yenye umbo la mraba, na nyuzi zilizotenganishwa kwenye vyumba viwili ina makumi ya pikofaradi kati ya pande zake. Toroidi, ile ya mviringo, malkia wa wapenzi wa sauti, nyuzi zake zimelaliana mzunguko mzima, na inaweza kufika mamia ya pikofaradi. Namba hiyo haulizwi na mtu. Wanauliza kapasita ni maikrofaradi ngapi. Na wapo walionunua linia yenye plagi ya pini tatu na hasi iliyofungwa kwenye ethi, amplifaya nayo ina ethi yake, na sasa wana duara kamili la ethi na mmmm ambayo hawakuwa nayo.

Kinachosaidia ni cha kuchosha kukisimulia. Waya mnene kati ya sanduku la DAC na la amplifaya, ili mkondo unaovuja uiache RCA. TOSLINK, kebo ya mwanga isiyopitisha umeme, kama strima na DAC ni sanduku mbili. Kebo ya mtandao isiyo na ngao, maana yenye ngao inaweza kurudisha muunganiko ambao transfoma ndogo za ndani ya soketi ya mtandao zimeukata. Balansi, kama amplifaya inaipokea.

Kwenye saa ya DAC, kipande kinachoipa mapigo yake, mimi mwenyewe naweka LT3045 yake peke yake. Nimepima sauti inayotoka nayo na bila yake, mistari ya grafu inalaliana. Bado naiweka. Sina utetezi.

Na tafadhali, kuna ambao wakishasoma habari za kapasita ya Y wanafungua adapta waikate. Mkondo wa masafa ya juu hautakufa, utakuja kwako kupitia waya wa DC, mara nyingi kwa nguvu zaidi. Wengine wanaitoa wanaweka ya kawaida yenye namba ileile. Ile ya Y imetengenezwa ili ikifa ikate njia ya umeme. Ya kawaida inaweza kufa kwa kushikana, na hapo 230 V itakuwa kwenye pini ya RCA uliyoishika mkononi.