Mkebe wa Mlonge Haukurudisha Kumbukumbu Yako, Mwalimu

Jumamosi mama mmoja, mwalimu wa hisabati, aliweka mkebe wa unga wa mlonge juu ya kaunta ya duka langu la dawa hapa Kondele, Kisumu. "Daktari, hii ndiyo iliyonirudishia akili. Agiza, utauza sana." Ni wa nne mwezi huu. Nimechoka kutabasamu.

Nikamuuliza alianza kuutumia lini. Machi, wiki aliyopanda matatu ya Maseno huku safari yake ni ya Ahero. Nafuu aliipata lini? Agosti. Na lile jasho la usiku la kuelekea kukoma hedhi? "Hilo lilipungua tangu Julai." Aa! Julai jasho, Agosti akili, halafu sifa zote apewe mlonge.

Usahaulifu wa miaka ya kuelekea kukoma hedhi hupanda na kushuka, kama homoni ya estrojeni yenyewe inavyoyumba kipindi hicho. Na hakuna anayenunua mkebe siku aliyoamka vizuri. Mtu hununua akiwa amezidiwa, na aliyezidiwa mara nyingi hupata nafuu baadaye, hata angekunywa uji mtupu. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao SWAN ulitoa matokeo 2009: wanawake waliokuwa katikati ya mpito huo walipungukiwa na uwezo wa kujifunza, na hedhi ilipokwisha kukoma uwezo ukarejea. Hawakupewa mlonge.

Tena, anayeamka mara nne usiku kubadilisha shuka zilizolowa jasho, kesho yake atakumbuka nini? Mahali ulipoweka funguo hapakusahaulika. Ulipoziweka ulikuwa umelala ukiwa umesimama.

Ginkgo, dawa ya majani inayosifiwa nayo kwa kumbukumbu, niipitie haraka. Huko Marekani iliwahi kujaribiwa kwa wazee 3,069 wenye miaka 75 kwenda juu, matokeo yakatoka 2008: haikuzuia dimensia, yaani ugonjwa wa akili na kumbukumbu kudhoofika. Najua, wazee hao si wewe wa miaka 49, kwa hiyo siwezi kukuapia kwa utafiti huo. Ila kama unameza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, usiiguse.

Mboga ni habari nyingine. Osuga, dek, mrenda: kuleni, zina madini ya chuma na foleti, ila chai isubiri kidogo baada ya mlo kwa sababu huzuia chuma kufyonzwa. Nakasirika tu chakula kinapogeuzwa dawa, kikatiwa kwenye mkebe, na mtu akaacha kupimwa. Hedhi za miaka hii zinaweza kuwa nzito hadi damu ikapungua mwilini. Tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, nayo inaweza kulegea. Yote mawili huleta akili nzito ileile.

Mwalimu huyu ametumia metformini, dawa ya kisukari, miaka sita, na vidole vya miguu vinamwaka moto usiku. Dawa hiyo ikitumika muda mrefu inaweza kushusha vitamini B12, na hakuna aliyewahi kumpima. Huenda ni sukari yenyewe, huenda ni B12. Kwa kumtazama tu siwezi kutofautisha. Na nikiri: hata kuhusu mlonge siwezi kumthibitishia yeye binafsi kwamba haukumsaidia kitu. Mwili ni mmoja, Machi ile hairudi tukaijaribu bila unga.

Alikubali kupima. Mkebe akaniachia, eti nijionee. Jumapili nikautia kwenye uji. Ladha ni ya nyasi.