Kusimba Ujumbe Hakuzuii Kubadilishwa Kwake

Dhana iliyoenea miongoni mwa watayarishaji wa programu ni kwamba ujumbe ukishasimbwa kwa AES, njia ya kusimba kwa ufunguo wa siri, hakuna awezaye kuuchezea, kwa kuwa asiye na ufunguo hawezi kuusoma. Ukweli ni kwamba kusoma na kubadilisha ni mambo mawili. Katika mtindo wa CTR, mojawapo ya namna za kuitumia AES, kila biti iliyosimbwa inalingana na biti moja ya ujumbe wa asili. Tuseme agizo la malipo lina kiasi cha 1000. Ndani ya kompyuta tarakimu 1 huandikwa 0x31 na tarakimu 9 huandikwa 0x39, yaani zinatofautiana kwa biti moja tu. Anayejua mahali ilipo tarakimu hiyo huigeuza biti hiyo njiani, na mpokeaji anaposimbua kwa ufunguo halali husoma 9000 bila onyo lolote. AES haikuvunjwa, ilifanya kazi yake, ila hiyo haikuwa kazi yake.

Wengine huamini kwamba dawa ni kuambatisha namba ya ukaguzi. WEP, mfumo wa awali wa kulinda Wi-Fi, ulifanya hivyo kwa CRC-32, namba ya kugundua makosa ya bahati mbaya, na mwaka 2001 Nikita Borisov, Ian Goldberg na David Wagner walionyesha kuwa ujumbe na CRC yake vinaweza kubadilishwa pamoja bila kuujua ufunguo. Hata SHA-256 tupu, yaani alama fupi inayokokotolewa kutoka kwa ujumbe, haithibitishi mtumaji, kwa sababu haina siri ndani yake: yeyote mwenye ujumbe anaweza kuikokotoa. Kinachohitajika ni HMAC, alama inayokokotolewa kutoka kwa ujumbe pamoja na ufunguo wa siri, iliyoelezwa katika waraka wa kiufundi RFC 2104 ya mwaka 1997, yenye ufunguo wake tofauti na ule wa kusimbia.

Mpangilio nao si suala la ladha. HMAC ikokotolewe juu ya ujumbe uliokwisha kusimbwa pamoja na IV yake (namba ya kuanzia usimbaji), na ikaguliwe kabla ya kusimbua chochote. Mwaka 2002 Serge Vaudenay alionyesha kwamba, katika mtindo wa CBC, unaosimba ujumbe kwa vipande na kujazia kipande cha mwisho, seva inayofichua kama baiti za kujazia ni sahihi au la humwezesha mshambuliaji kuusoma ujumbe baiti baada ya baiti. Ulinganishaji wenyewe ufanywe kwa hmac.compare_digest ikiwa unatumia Python, kwani alama ya == inaweza kufichua kwa muda inaochukua ni baiti ngapi zimelingana.

AES-GCM, mtindo mwingine wa AES, hufanya yote mawili, kusimba na kuthibitisha, kwa pamoja, nami naipendekeza, lakini si kweli kwamba haikosei. Namba yake ya kuanzia, ambayo kwa kawaida ina biti 96, ikirudiwa chini ya ufunguo uleule, mshambuliaji anaweza kupata siri ya uthibitishaji na kughushi jumbe nyingine. Tena, si HMAC wala GCM inayozuia ujumbe halali kutumwa upya. Kwa hiyo namba ya mfuatano iwemo katika data inayothibitishwa, na mpokeaji akatae iliyokwisha kupita.