Mazda RX-8 na joto la Ghuba: kabla hujanunua kipoza oili kikubwa

Kijana alishuka na helmeti kichwani, meno yote nje. "Ami, umeona? Raundi sita na mshale haukucheza!"

Alikuwa anasema kweli. Mshale wa joto kwenye dashibodi ya RX-8 yake ulikuwa katikati, palepale ulipokuwa asubuhi tukiingia uwanja wa mbio wa Dubai Autodrome. Sikumjibu. Nilimgeuzia geji ndogo niliyomfungia juu ya redio wiki iliyopita. Oili inayotoka kwenye injini: digrii 128. Inayorudi kutoka kwenye vipoza: 119. Meno yakaingia ndani.

Nianze na mshale huo, maana ndio unaoua injini nyingi za gari hili. Kwanza unapima maji, si oili. Pili, umetengenezwa usimtie dereva wasiwasi. Maji yakishapata moto wa kawaida unasimama katikati, na joto linaweza kupanda digrii nyingi tu bila mshale kujigusa. Ukiuona unaanza kupanda, jua umechelewa. Geji ya presha ya oili iliyo pembeni yake nayo ni pambo. Nyuma yake kuna swichi, ikihisi presha imefika kiasi fulani inausimamisha mshale pahali pake na kuuacha hapo. Kwa hiyo gari linaloingia kwangu kwa habari ya uwanjani halifungiwi kitu chochote kabla ya geji tatu za kweli: joto la oili ikitoka, joto la oili ikirudi, na presha.

Kifaa chenyewe cha kupozea oili nakiita kipoza oili. Mombasa nilikojifunzia kazi tulisema "oili kula", yaani oil cooler ya Kiingereza, na kila mwanafunzi mpya aliuliza inakula nini. Kwa gari hili jina lingeifaa injini yenyewe, kwa sababu inakula oili kwa makusudi: kuna pampu ndogo inayochota oili ya sampu, bakuli la chini ya injini, na kuidondosha ndani ya chemba ili ilainishe sili za ncha za rota, kile kipande cha pembe tatu kinachozunguka badala ya pistoni. Ndiyo maana kijiti cha oili nakichomoa kila gari linaporudi kutoka uwanjani, na mwenye gari namwambia afanye hivyo hata nisipokuwepo.

Injini ni ile 13B-MSP ambayo Mazda waliipa jina la Renesis. Rota mbili, kila moja cc 654, jumla 1308, na zile zenye nguvu zaidi zinakwenda mpaka mizunguko 9000 kwa dakika. Haina pistoni wala valvu. Katika injini ya pistoni, silinda ikishawaka moto, mahali palepale panaingia hewa mpya na kupapoza kidogo. Kwenye rota sivyo. Upande wa plagi kazi yake ni kuungua tu, upande wa kuvuta hewa kazi yake ni kuvuta tu, na rota inazunguka katikati ikipokea moto kwenye nyuso zake tatu kwa zamu. Maji hayaifikii, yako kwenye kuta. Kinachoifikia ni oili. Inarushwa kupitia vitundu vya shafti, inalipiga tumbo la rota kwa ndani, halafu inamwagika kwenye sampu na joto lote iliyolibeba. Mafundi wengi wa rota hukadiria kwamba karibu theluthi ya joto linalopaswa kutolewa kwenye injini hii hutoka na oili. Fundi aliyezoea Toyota akiambiwa hivyo anadhani unamtania.

Joto hilo lisipotoka, wa kwanza kuumia ni mpira. Ubavuni mwa kila rota kuna pete za kuzuia oili, na ndani ya pete hizo kuna duara jembamba la mpira. Oili ikizoea kufika 125 au 130, mpira unakauka na kuwa mgumu kama plastiki, mpaka asubuhi moja unawasha gari na moshi wa buluu unajaa uani. Kuubadilisha ni kuifungua injini nzima. Mipaka yangu ni hii, na naipima kwa oili inayorudi, baada ya vipoza: kati ya 90 na 105 endelea, 110 legeza mguu, 115 ingia ndani.

Sasa tuje kwenye hesabu ambayo watu wengi wanairuka. Kipoza hakitoi baridi. Kinabadilishana joto kati ya oili na hewa, na uwezo wake unategemea tofauti iliyopo kati ya hivyo viwili. Mtu akiwa uwanja wa Snetterton kule Uingereza, hewa digrii 20 na oili 100, ana tofauti ya 80. Sisi huku mwezi wa tano, hewa 45 na oili ileile 100, tuna 55. Kipoza kilekile, kwa upepo uleule, kimepoteza karibu theluthi ya nguvu zake kabla gari halijawashwa. Kwa hiyo mteja akiniambia amesoma mahali kwamba vipoza fulani "vinatosha kabisa", swali langu la kwanza ni aliyeandika anaishi wapi.

Nirudi kwa yule kijana, wa watu wa Muscat, mama yake Unguja, Kiswahili chake kitamu kuliko changu. Alikuwa ameshafungua mkoba kununua vipoza vikubwa vya mbio. Nikamwambia tulia, kwanza nivue bampa.

RX-8 ya gia za mkono hutoka kiwandani na vipoza viwili, kimoja kila pembe ya bampa, mbele ya tairi. (Otomatiki nyingi za mwanzo zina kimoja tu. Mwenye hiyo atafute cha pili cha kiwandani kwanza, ingawa anayeingia uwanjani na otomatiki ana mengine ya kuzungumza na mimi.) Nilipovua bampa nilikuta kulia hakuna faneli kabisa. Gari liliwahi kugongwa, likanyooshwa, likapakwa rangi ya kupendeza, na ile plastiki ya kuongoza hewa haikurudishwa, kwa kuwa haionekani na mnunuzi. Kushoto ilikuwepo lakini imepasuka, na mapezi ya kipoza, vile vibati vyembamba vya kupitishia hewa, yamejaa mchanga, majani na panzi wa miaka.

Hewa ikiona upenyo pembeni, inapita pembeni. Haiwezi kujipenyeza katikati ya mapezi membamba wakati kuna nafasi ya vidole vitatu kuzunguka kipoza. Nikaosha mapezi kwa maji ya presha ndogo kutoka nyuma kuja mbele, nikakata bati la alumini la milimita moja, nikalikunja kutoka mdomo wa bampa mpaka ukingo wa kipoza, mdomo mdogo ukipanuka polepole kuelekea nyuma ili hewa ipunguze mwendo na kusukuma. Kila ukingo nikaubandika sponji nene. Halafu nikangoja giza, nikazima taa za gereji, nikaweka tochi kwenye mdomo wa bampa na kuchungulia kwa nyuma. Mwanga ukipita katikati ya mapezi, sawa. Ukitokea ubavuni, hapo ndipo hewa yako inapotorokea. Nilikuta sehemu nne, moja kubwa ya kupitisha kidole gumba, na mimi ndiye niliyekuwa nimejisifu jioni ile.

Kuingia ni nusu ya safari. Hewa isipopata pa kutokea nyuma ya kipoza inasimama, na nyingine iliyo nje inapita zake. Kwenye gari hili inatokea ndani ya tao la tairi, kwa hiyo nikatoboa ule mkeka wa plastiki na kuweka matundu marefu kama ya dirisha la luva, yakiangalia nyuma.

Wiki mbili baadaye tulirudi, hewa 33, siku ya kwanza ilikuwa 34. Vipoza vilevile vya kiwandani. Oili ikitoka 117, ikirudi 103. Tazama tofauti na si namba peke yake: mwanzo kipoza kilikuwa kinatoa digrii 9 tu, sasa 14. Na lililonifurahisha zaidi ni kwamba siku ya kwanza joto lilipanda digrii saba nane kila raundi bila kusimama, maana injini ilikuwa inaingiza joto kuliko linalotoka. Safari hii kuanzia raundi ya nne lilitulia. Gharama ilikuwa bati, sponji na siku moja na nusu.

Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo dawa ya kujua ugonjwa uko wapi. Oili ikiwa moto sana na kipoza kinatoa digrii chache, upepo haupiti. Kikitoa nyingi na bado oili inapanda, hapo ndipo ukubwa unapohitajika.

Kwa kijana, 103 ilikuwa karibu na mpaka wangu wa 105, na hewa ilikuwa 33 tu. Basi tukanunua. Tulichagua Setrab za safu 19 kila upande. Za safu 25 zingenilazimu kukata chuma cha kushikilia bampa, na chuma kile kina kazi yake siku ya ajali. Mipira ya kupitishia oili nikaweka ya namba 10, ambayo kwa hesabu ya mipira hiyo ni kumi ya kumi na sita ya inchi, milimita 16 hivi kwa jina, ndani pungufu kidogo. Usishuke chini ya hapo. Kwenye rota, oili ikitoka kwenye pampu inakwenda kwanza nje kwenye vipoza, kisha inarudi kwenye injini, inapita filta, ndipo inafika kwenye beringi. Kila kona kali na kila kiungo chembamba unachoongeza kiko kati ya pampu na beringi. Napima presha injini ikiwa moto kabla ya kubadilisha, na kwa mizunguko ileile baada ya kubadilisha. Ikipungua zaidi ya nusu baa, narudi kutafuta nilipobana.

Termostati, ile valvu inayozuia oili isiende kwenye vipoza mpaka ipate moto, usiitoe. Najua wapo wanaoitupa wakijidai jangwani hakuna baridi. Waende uwanja wa Yas Marina, Abu Dhabi, usiku wa Januari, taa zimewashwa, hewa digrii 16, waone oili inavyokaa nzito kama asali huku mtu anakanyaga mpaka 8000.

Sasa aibu yangu. Miaka kadhaa nyuma, kabla ya kijana huyu, nilimfungia mteja vipoza vya mtumba nilivyovitoa kwenye yadi moja ya skrepu huku Sanaiya, eneo la viwanda la Sharjah. Visafi kwa nje, bei ya bure. Nikavimwagia petroli, nikatikisa, petroli ikatoka safi, nikaridhika. Siku ya tatu ya uwanjani injini ikaanza kugonga. Nilipofungua filta na kuikunjua karatasi yake juani, ilimeta kama kitenge cha harusi: chembe za beringi, za shaba na za rangi ya fedha. Injini iliyokuwa na vipoza vile mwanzo ilikufa kwa beringi, na takataka zake zilikuwa zimelala ndani ya vile vijia vyembamba zikingoja oili ya moto izing'oe. Nililipa nusu ya injini ile kutoka mfukoni. Tangu hapo, gari lililoua beringi vipoza vyake nakata katikati kwa msumeno kabla ya kutupa, asije mwingine akaviokota.

Kufunga ni kazi ya subira tu. Spana mbili kila kiungo, moja inashikilia shingo ya kipoza na nyingine inakaza nati, kwa sababu shingo ni alumini na ukitumia moja utaipasua halafu umlaumu aliyeiuza. Mpira usiguse tairi usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho, kulia na kushoto, gari likiwa chini juu ya tairi zake, si juu ya jeki. Baada ya hapo nachomoa fyuzi ya pampu ya petroli, napiga stata kwa vipande vifupi mpaka geji ya presha ionyeshe uhai, ndipo narudisha fyuzi na kuwasha. Usawa wa oili unaupima baada ya termostati kufunguka na vipoza kujaa. Ukipima baridi utadhani imejaa kumbe nusu lita haijakwenda inakokwenda.

Kwa vipoza vipya, hewa 32, tulipata 109 ikitoka na 95 ikirudi, imetulia, dakika ishirini mfululizo. Kijana akafurahi, akataka cha tatu mbele ya rejeta. Nikakataa. Kikikaa pale kitamwagia rejeta hewa ya moto, na tutakuwa tumeliondoa joto kwenye oili tukalitia kwenye maji.

Mwezi wa tano alinipigia tena. Amekwenda saa tisa alasiri, hewa 43, oili inayorudi imegonga 111 kwenye raundi ya tano. "Ami, kuna kitu kimeharibika?" Nikamuuliza faneli zipo, akasema zipo. Mapezi safi? Safi. Presha? Ileile. Nikamwambia hakuna kilichoharibika, arudi nyumbani akalifunike gari turubai, tutaonana Oktoba.