Udi si ubani

Limeenea kosa moja katika matangazo ya manukato, katika mahubiri na katika ushauri wa tiba za asili, nalo ni kutaja udi, ubani na uvumba kana kwamba ni majina matatu ya kitu kimoja. Utasikia mtu akisifu "ubani wa udi", utaona kichupa cha mafuta ya ubani kimebandikwa neno udi, na mara nyingi zaidi utakutana na tangazo la "udi halisi uliogemwa Dhofari". Sentensi hiyo ya mwisho ina makosa mawili kwa pamoja, kwa sababu udi haugemwi, na Dhofari, jimbo la kusini mwa Omani, si kwao.

Maana zenyewe ni fupi. Ubani ni utomvu uliokauka wa miti ya jamii ya Boswellia. Udi ni mti wenyewe, yaani sehemu ya ndani ya shina la mti wa jamii ya Aquilaria iliyoshambuliwa na kuvu ikajaa utomvu mweusi. Uvumba, katika matumizi mapana, ni chochote kinachowekwa juu ya kaa la moto ili kitoe moshi wenye harufu nzuri, na kwa maana hiyo udi na ubani vyote viwili vinaweza kuwa uvumba, bila ya kimoja kuwa kingine.

Majina yenyewe yanatoa ushahidi ulio wazi. Ubani umetokana na neno la Kiarabu lubani, ambalo shina lake hubeba maana ya weupe. Katika shina hilohilo limo neno la Kiarabu la maziwa, laban, na jina la nchi ya Lebanoni, ambalo wengi huliunganisha na theluji inayofunika milima yake. Waebrania waliita kitu hicho levona, na Wayunani wakalichukua neno kutoka huko Mashariki wakasema libanos. Mtu yeyote aliyewahi kuona mti wa ubani ukikatwa ganda lake ataelewa kwa nini: kinachotoka ni tone jeupe kama maziwa, ambalo hugandia shinani na kukauka polepole hadi likawa punje ngumu ya kukwanguliwa. Kiswahili kiliiangusha l ya mwanzo, na neno likaingia bila taabu katika ngeli ya ubao na ukuta.

Si sisi peke yetu tulioiangusha herufi hiyo. Wafanyabiashara Waarabu walipofika Sumatra walikuta utomvu mwingine, wa mti wa jamii ya Styrax, wakauita lubani jawi, yaani ubani wa Jawi, jina ambalo kwao lilijumlisha visiwa vile vyote. Mabaharia na wauza dawa wa Ulaya ya kusini waliposikia jina hilo, walidhani silabi ya kwanza ni kitambulishi kilichotangulia nomino kama ilivyo katika lugha zao, wakaiacha, wakabaki na benjui, ambayo baadaye ilikuja kuwa benzoini. Kutokana na utomvu huo wanakemia walipata asidi, na mwaka 1833 Mjerumani Eilhard Mitscherlich aliichemsha asidi hiyo pamoja na chokaa, akapata kimiminika alichokiita benzini. Kwa hiyo benzini na ubani ni ndugu wa damu kwa jina, ingawa hakuna atakayevichanganya. Nashangaa kwamba udi na ubani, ambavyo havina nasaba yoyote, ndivyo vinavyochanganywa kila siku.

Udi umetoka katika neno ud, ambalo maana yake katika Kiarabu ni mti kwa maana ya kipande cha mti, fimbo au kijiti. Ndiyo maana chombo cha nyuzi kinachopigwa katika taarabu huitwa udi vilevile. Jina halikutaja harufu hata kidogo, lilitaja mbao. Anayekumbuka jambo hili moja hatakosea tena, kwa kuwa hakuna lugha inayoita utomvu fimbo.

Namna udi unavyopatikana inastahili kuelezwa, kwa sababu ndiyo inayofafanua bei yake. Mti wa Aquilaria ulio na afya una mbao nyepesi, za rangi hafifu, zisizo na harufu ya maana, na anayeukata huo hapati kitu cha kufukiza. Mti ukijeruhiwa, kwa kutobolewa na wadudu, kuvunjika tawi au kukatwa, kuvu huingia katika jeraha, na mti hujikinga kwa kutoa utomvu mzito unaopenya mbao zinazozunguka jeraha hilo. Baada ya miaka mingi sehemu hiyo huwa nyeusi na nzito, na ile iliyoshiba kabisa huzama majini, jambo lililowafanya Wachina kuuita udi kwa jina lenye maana ya harufu izamayo. Katika msitu wa asili ni sehemu ndogo tu ya miti inayopata hali hiyo, na kutoka nje si rahisi kujua ni upi. Wawindaji wa udi walikata mingi bila kupata kitu, hadi aina ya Aquilaria malaccensis ikawekwa chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, mwaka 1995, na mwaka 2004 ukapitishwa uamuzi wa kuzijumuisha aina zote za Aquilaria. Siku hizi udi mwingi hutoka katika mashamba, ambako miti hutobolewa na kutiwa kuvu kwa makusudi.

Miti hiyo ni ya Assam, Bangladesh, Kambodia, Vietnam, Thailand, Malaysia na Indonesia. Haioti kiasili Uarabuni, wala katika pwani yetu. Omani ni nchi inayoutumia udi kwa wingi na kuuza ulio bora, na hapo ndipo kosa lilipoanzia: tumeupokea udi mikononi mwa Waomani, tukadhani wameuvuna kwao. Wanachovuna kwao ni ubani. Boswellia sacra huota Dhofari, nyuma ya milima, mahali ambapo ukungu wa ule msimu tunaouita kusi unafika kwa shida au haufiki kabisa, na mwaka 2000 UNESCO iliyaingiza mabonde, bandari na magofu ya biashara hiyo katika urithi wa dunia, ambao sasa unaitwa Nchi ya Ubani. Ubani mwingine hutoka Yemeni, Somalia, Ethiopia na Sudani, na hata kaskazini mwa Kenya wafugaji hukusanya utomvu wa Boswellia neglecta. Ubani, basi, ni jirani yetu, na udi ni mgeni aliyevuka bahari nzima.

Matumizi ya pwani yalizingatia tofauti hii kwa muda mrefu. Udi hufushwa kwa ajili ya bibi harusi, nguo za thamani, nywele na chumba cha wageni. Ubani hufukizwa katika maulidi, hitima na matanga, na katika kanisa Katoliki hutiwa katika chetezo mbele ya altare. Kutokana na msiba huohuo, ubani umepata maana ya pili, ya fedha wanazopewa wafiwa, na sijawahi kusikia mtu akisema anapeleka udi kwa wafiwa. Tunaposema fulani ametafuta jambo kwa udi na uvumba, tunataja vitu viwili kwa sababu ni viwili. Kama vingekuwa kimoja, msemo huo usingekuwa na nguvu yoyote.

Hata watafsiri wa Biblia walilazimika kuamua. Zawadi ya mamajusi katika Mathayo 2:11 ni uvumba katika tafsiri ya Muungano na ni ubani katika Habari Njema. Neno la Kiyunani pale ni libanos, kwa hiyo ubani ndio ulio sahihi zaidi, ingawa uvumba si kosa, bali ni neno pana mno. Katika Zaburi ya 45, mavazi ya mfalme yananukia manemane na udi, na hapo Kiswahili kimepatia vizuri kuliko Kiingereza, ambacho kimetumia neno linalowafanya wasomaji wengi wadhani kwamba nguo za mfalme zilinuka shubiri.

Athari ya mkanganyiko huu ni kubwa zaidi katika tiba. Ubani hutafunwa, na kule Omani hulowekwa katika maji yakanywewa. Asidi za boswelia zilizomo katika utomvu zimechunguzwa kuhusu uvimbe na maumivu ya viungo, hasa kwa kutumia aina ya Kihindi, Boswellia serrata. Asidi hizo ni nzito na hazipandi na mvuke, kwa hiyo mafuta ya ubani yaliyokenekwa hayana kiasi cha kutegemewa, hata kama yananukia vizuri. Mtu aliyeambiwa "tafuna udi" amepewa ushauri wa kutafuna mbao, na aliyeuziwa mafuta kwa ajili ya magoti amenunua harufu tu.

Anayetaka kutofautisha aweke kipande juu ya kaa lililokwisha kushika jivu. Ubani huyeyuka, hutokota na kutoa moshi mweupe wenye harufu inayokaribia ndimu na msonobari. Udi hauyeyuki: utomvu huchemka usoni mwa kipande, kisha mbao hubaki kuwa kaa. Kikiyeyuka na kunuka sukari inayoungua, basi ni ule udi wa kupika, unaotengenezwa kwa sukari, unga wa sandali, vipande au mafuta ya udi, miski na marashi.

Udi huo wa kupika haupaswi kudharauliwa. Ni ufundi wa akina mama wa Unguja, Pemba na Mombasa, na mpishi hodari huufanya unukie nguoni kwa muda mrefu. Anayeuuza auite udi wa kupika bila ya kuona haya, anayeuza ubani wa Dhofari auite ubani, na anayetangaza udi halisi ataje nchi ambayo mti wake ulikatwa.