Kuelekeza domeni si kuhamisha domeni

Kuunganisha domeni, yaani jina la tovuti, na akaunti ya kuhosti tovuti ni kuweka katika rekodi za jina hilo anwani ya IP (namba inayoitambulisha kompyuta mtandaoni) ya seva yenye mafaili ya tovuti, kisha kuijulisha seva hiyo kwamba maombi yanayokuja kwa jina hilo ni yake. Hiyo ndiyo fasili nzima. Linalohitaji maelezo marefu zaidi ni neno ambalo watu hulishika badala yake: mtu amesajili jina kwa kampuni moja, amenunua nafasi ya tovuti kwa kampuni nyingine, na sasa anasema kwamba anataka "kuhamisha domeni", ilhali jina lake halina haja ya kwenda popote.

Mkanganyiko huu una chanzo chake. Kampuni nyingi huuza vitu vitatu katika kifurushi kimoja, na mnunuzi akadhani amenunua kitu kimoja. Cha kwanza ni usajili, yaani haki ya kulitumia jina kwa muda uliolipiwa. Cha pili ni seva za majina, ambazo hutunza rekodi za jina na kumjibu kila anayeuliza. Cha tatu ni seva ya kuhosti, yenye kurasa zenyewe. Ule mfano unaopendwa sana, kwamba domeni ni anwani na hosti ni nyumba, huwafaa wanaoanza, lakini umekificha kabisa kitu cha pili, na hapo ndipo sehemu kubwa ya kazi ya kuunganisha inapofanyika. Vitu hivi vinaweza kukaa kwa kampuni tatu tofauti miaka nenda miaka rudi, na tovuti isipungukiwe na chochote.

Utengano huo ulikusudiwa tangu mwanzo. Katika enzi za ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, majina ya kompyuta na anwani zake yaliandikwa katika faili moja lililoitwa HOSTS.TXT, likitunzwa katika taasisi ya utafiti ya SRI huko California, na kila aliyetaka orodha mpya ilimbidi apakue nakala. Mtandao ulipokua, utaratibu huo ukaelemewa. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alitoa muundo wa DNS, mfumo wa majina ya mtandaoni, ambao mwaka 1987 uliandikwa upya katika nyaraka za kanuni za intaneti RFC 1034 na RFC 1035, na wazo lake kuu lilikuwa kugawa mamlaka kwa ngazi. Ngazi ya juu haijui tovuti yako iko wapi. Inajua tu ni seva zipi za majina zinazopaswa kuulizwa habari zako. Hata wanaotunza sajili ya .com hawana anwani ya tovuti yako. Ndiyo maana mtu anaweza kubadilisha hosti kila mwezi, akipenda, bila usajili wake kuguswa.

Kuhamisha domeni, kwa maana yake halisi, ni kubadilisha msajili, yaani kampuni iliyokusajilia jina. Mwenye jina hufungua kufuli linalozuia jina kuhamishwa, huomba msimbo wa idhini kwa msajili wa sasa, huupeleka kwa msajili mpya, na kwa majina kama ya .com hulipia mwaka mmoja wa nyongeza. Msajili wa zamani ana siku 5 za kujibu, na kwa miaka mingi kanuni za ICANN, shirika linalosimamia majina ya domeni, zimemruhusu kukataa ikiwa jina halijafikisha siku 60 tangu lisajiliwe. Baada ya safari yote hiyo tovuti inaweza kuwa bado haionekani, kwa kuwa uhamisho kwa kawaida huziacha seva za majina zilezile pamoja na majibu yaleyale. Mtu amelipa, amesubiri, na swali lake la awali liko palepale.

Kuelekeza ni jambo jepesi zaidi, nalo lina njia mbili. Njia ya kwanza ni kuziacha seva za majina zilivyo na kubadilisha rekodi ya A pekee, ile inayobeba anwani ya IP, pamoja na ya AAAA, inayobeba anwani ya IP ya aina mpya (IPv6), ikiwa ipo. Njia ya pili ni kuziondoa seva za majina za msajili na kuandika zile za kampuni ya kuhosti, ambapo rekodi zote, si ya tovuti tu, huanza kujibiwa na kampuni hiyo. Wahudumu wengi hupendekeza njia ya pili kwa sababu huwapunguzia maswali, lakini ndiyo inayowaliza watu. Rekodi za MX, zinazosema barua pepe za jina hilo zipokelewe wapi, zilikuwa katika seva za zamani, na hazijinakili zenyewe. Tovuti inafunguka vizuri, mwenyewe anafurahi, na siku ya pili anajiuliza mbona hapokei barua yoyote. Mwenye barua pepe inayofanya kazi kwingine abadilishe rekodi ya A na aishie hapo.

Upande wa seva nao una sehemu yake, ingawa husahauliwa. Seva moja yenye anwani moja ya IP inaweza kubeba mamia ya tovuti, na tangu HTTP 1.1 ya mwaka 1997, toleo la kanuni za mawasiliano ya vivinjari na seva, kivinjari hulazimika kutaja ndani ya ombi jina la tovuti kinayoitafuta. Jina lisipoongezwa katika akaunti ya kuhosti, ombi hufika salama na kukutana na ukurasa mtupu wa kampuni, au onyo la cheti cha usalama kilichotolewa kwa jina la mtu mwingine. Hapo DNS haina kosa lolote.

Kisha kuna zile saa 48 ambazo wateja huambiwa wasubiri. Huambiwa kwamba mabadiliko "yanasambaa duniani", kana kwamba kuna kitu kinachosafiri kutoka seva hadi seva, wakati hakuna kinachotumwa. Seva ya mtoa huduma wa intaneti iliyouliza jana imehifadhi jibu la jana, na italitumia mpaka muda ulioandikwa kwenye rekodi hiyo, TTL, uishe. Muda huo huhesabiwa kwa sekunde. Katika .com, rekodi ya seva za majina za kila domeni hupewa sekunde 172,800, ambazo ndizo hizo saa 48; rekodi ya A mara nyingi hupewa 3,600 tu, na mwenye jina anaweza kuishusha hadi 300 siku chache kabla ya kubadilisha. Hata jibu la "jina hili halipo" huhifadhiwa kwa muda, hivyo anayejaribu kulifungua jina kabla hajaweka rekodi huenda akajicheleweshea mwenyewe.

Kwa hiyo anayeiandikia kampuni yake mpya ya kuhosti asiseme "nihamishieni domeni", maana mhudumu mwaminifu atamwomba msimbo wa idhini na kumpa ankara ya uhamisho. Inatosha aandike hivi: "Domeni yangu imesajiliwa kwingine na itabaki huko; naomba anwani ya IP ya seva yangu, na mniongezee jina hili kwenye akaunti."