Je, Wajua Kwa Nini Mtu Huzijua Nyimbo za Kwao Zaidi Akiwa Ugenini?

Muulize Mtanzania aliyekuja Kampala kusoma, au Mkenya aliyeletwa huku na kazi, au Mkongomani aliyekimbilia hapa na familia yake, alizijua nyimbo ngapi za zamani za kwao siku alipovuka mpaka. Kisha muulize anazijua ngapi leo. Mara nyingi utakuta zimeongezeka, tena si haba. Kijana wa Mwanza anakutajia mpiga solo wa bendi iliyovunjika kabla yeye hajazaliwa. Dada wa Bukavu anayesuka nywele Katwe anakueleza ni mwimbaji gani aliyehama bendi gani huko Nairobi, na kwa ugomvi gani. Ukiwauliza wamejulia wapi, wote wanakuonyesha simu: kuna kundi la wapenzi wa zilipendwa, au la rumba, au la taarabu, lenye watu wa Mombasa, Bujumbura, Muscat na Makindye, na wengi wao hawajawahi kuonana.

Jibu linalokuja haraka ni upweke. Halina ubaya, ila halifiki mbali. Upweke unaeleza kwa nini mtu aurudierudie wimbo aliolelewa nao. Hauelezi kwa nini atafute wimbo ambao hajawahi kuusikia, wala kwa nini aliyemtumia wimbo huo aishie kuwa rafiki wa kujuliana hali kila asubuhi.

Tuanze na nyumbani. Ukiwa kwenu, muziki hukufuata wenyewe: kwenye daladala, kwa kinyozi, kwenye harusi ya jirani. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha kwamba kitu tunachokutana nacho mara kwa mara huanza kutupendeza kwa sababu tu tumekizoea, na ndivyo wengi wetu tulivyozipenda nyimbo za kwetu, bila kuchagua hata moja. Sasa panda taksi pale Old Taxi Park, Kampala. Utasikia nyimbo za Kiganda, na ukibahatika utasikia kadongo kamu, mtu na gitaa lake moja akisimulia kisa kirefu. Nimeupenda muziki huo kwa dhati. Lakini nyimbo za kwenu hazikufuati tena. Kwa mara ya kwanza maishani inakubidi uzitafute, na anayetafuta hana budi kuuliza.

Hapo ndipo historia ya muziki wetu wenyewe inapoingia, na kwangu mimi hiki ndicho kiini cha jambo lote. Muziki wa dansi wa Afrika Mashariki haukukaa mahali pamoja. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, walipitia Arusha, wakahamia Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970, na huko wakawa ndio nguzo ya bendi ya Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wakajitoa na kuanzisha Les Wanyika. Samba Mapangala alitoka Kongo akaja kupiga hapa Kampala, kisha mwaka 1977 akaenda Nairobi, ambako baadaye aliunda Orchestra Virunga. Orchestra Makassy nao walipiga Kampala kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Uganda ilikuwa chini ya Idi Amin, na maisha ya usiku ya Kampala hayakuwa tena mahali pa mwanamuziki kutegemea riziki.

Kumbukumbu nazo zikatawanyika pamoja na watu. Bendi nyingi za Tanzania zilirekodiwa na Redio Tanzania kwenye tepu, kwa ajili ya matangazo. Zilizotaka kutoa santuri zilikwenda Nairobi, kwenye studio na viwanda. Kwa hiyo bendi ileile inaweza kuwa na wimbo mmoja katika sura mbili, ya redio na ya santuri, mwendo tofauti, hata beti tofauti. Halafu mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi mwaka 1983. Msikilizaji wa Dodoma akabaki na sura yake, wa Kisumu na yake, kila mmoja akiamini anaujua wimbo wote.

Santuri zenyewe ziliongeza mkanganyiko. Zile ndogo, za mizunguko 45 kwa dakika, zilibeba dakika 4 au 5 hivi kwa upande. Wimbo wa dansi huhitaji zaidi ya hapo: kwanza waimbaji wanasimulia taratibu, magitaa yanajibizana kwa upole, halafu linakuja chemko, ambalo Wakongomani huliita sebene, solo inapanda na watu wanainuka vitini. Ndiyo maana nyimbo nyingi zilikatwa mara mbili: sehemu ya kwanza upande mmoja, sehemu ya pili ukigeuza. Aliyenakili kwenye kanda akasahau kugeuza, ameturithisha nusu. Katika kundi letu mzee mmoja anayeishi Nsambya alituma wimbo uliokatika ghafla solo ikianza tu kupanda, akasema ameusikia hivyo tangu utotoni na alidhani ndivyo ulivyoisha. Baada ya saa kadhaa mama mmoja wa Mombasa akatuma upande wa pili, umejaa mikwaruzo ya sindano, pamoja na ujumbe mfupi: “Sikiliza kuanzia sekunde ya kumi, besi inapobaki peke yake.” Mzee alijibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika nzima. Alikuwa akicheka tu na kumwita mwanangu, mwanangu.

Wale wawili hawakuwa na jamaa wa pamoja wala kijiji kimoja. Na kwa kweli ndiyo sababu walisaidiana. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alieleza kuwa habari mpya hutufikia zaidi kupitia watu tunaofahamiana nao juujuu kuliko marafiki wa karibu. Miongoni mwa watu aliowahoji waliopata kazi kupitia mtu, wengi walipashwa habari na mtu wanayeonana naye mara chache. Sababu yake ni rahisi. Rafiki yako wa ndani anasikia unayoyasikia. Mtu wa mbali anasikia mengine. Nyumbani mtu huzungukwa na watu wenye masikio kama yake, lakini kundi la mashabiki humuunganisha kwa mkupuo na mamia ya watu waliokulia mbele ya redio nyingine.

Kutoka hapo hadi urafiki si mbali. Peter Rentfrow na Samuel Gosling walichapisha mwaka 2006 utafiti ambamo vijana wasiojuana waliambiwa wazoeane kupitia intaneti kwa majuma 6. Mada iliyojitokeza zaidi ya zote ilikuwa muziki, kuliko filamu, vitabu au mpira. Ukimuuliza mgeni kuhusu mapato yake au ndoa yake umemkosea adabu; ukimuuliza anapenda bendi gani, atakwambia mwenyewe alikulia wapi, baba yake alikuwa mtu wa namna gani, na nani alimvunja moyo. Ugenini, ambako hakuna anayekuuliza habari za watu wenu, mlango huo mdogo una thamani kubwa.

Wala jambo hili halikuanza na simu. Waliokulia na redio za Kiswahili wanawakumbuka wapenzi wa salamu. Mtu alinunua kadi ya salamu, akaandika majina ya anaowasalimu na wimbo anaouomba, akaituma redioni. Walikuwa na majina ya utani, walikuwa na vilabu, walisalimiana miaka na miaka wakijuana kwa kusikia tu majina yao yakisomwa. Akipotea mmoja hewani, wenzake waliulizia. Kundi la leo limeurithi utaratibu huo karibu wote, isipokuwa mtangazaji hayupo katikati na jibu halisubiri Jumapili.

Uganda imeuongezea ya kwake. Julai 2018 uliwekwa ushuru wa shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii. Uliondolewa mwaka 2021, ikaja kodi ya asilimia 12 kwenye bando la intaneti. Januari mwaka huohuo, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, Facebook ilifungwa. Mashabiki wengi wakahamishia mazungumzo yao WhatsApp na Telegram. Walipoteza kurasa zenye picha na maelezo ya miaka mingi, na hiyo ni hasara ya kweli. Lakini WhatsApp ina ujumbe wa sauti, na kwa muziki huo ni utajiri. Mtu asiyejua jina la wimbo wala la bendi anauimba kwa mluzi au kwa “la la la”, na kabla hajamaliza chai yake kuna aliyeutambua. Waganda wengi wamo kwenye makundi haya kwa njia hiyo. Wamezisikia nyimbo za Kiswahili tangu utotoni, tuni wanazijua kuliko sisi, sasa wanataka kujua mwimbaji alikuwa anamlalamikia nani. Nao wametufundisha kuisikiliza Afrigo Band, iliyoanzishwa mwaka 1975 na ingali jukwaani.

Kiswahili kiliwekwa kwenye Katiba ya Uganda kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005, ila Kampala bado inazungumza Kiluganda na Kiingereza. Mtu anaweza kumaliza siku nzima sokoni na ofisini bila kutamka sentensi moja ndefu ya Kiswahili. Jioni, kwenye kundi, anaandika aya nzima kuhusu tumba iliyopigwa miaka 50 iliyopita, na anajibiwa kwa aya nzima.

Lipo tatizo moja lisilosemwa sana. Watu wakishazoeana, masikio yao huanza kufanana. Wanatumiana nyimbo zilezile, wanasifia solo zilezile, na kundi linabaki na urafiki bila ugunduzi. Kwa maelezo ya Granovetter hilo lilitarajiwa, maana wa mbali amekuwa wa ndani. Kwa hiyo admini anayelijua kundi lake haachi kupokea wageni, na humwomba kila mgeni alete wimbo wa pale alipokulia, sio ule anaodhani wenyeji wataupenda. Kwetu alikuja hivyo dada wa Kinubi kutoka Bombo, akatuma doluka ambazo wanawake wa kwao huimba harusini. Wengi hatukuwa tumewahi kuzisikia. Memba mmoja wa Kibera, Nairobi, mtaa ulioanzishwa na askari Wanubi na familia zao, alizitambua mara moja: ni nyimbo za bibi yake. Mpaka sasa wawili hao wanabishana ni ubeti upi unaotangulia, Bombo au Kibera, na kila mmoja anamrekodi mama wa kwao kama ushahidi.